Kisu cha bei rahisi au kisu cha bei mbaya? Ulinganisho kwa anayenunua, na kwa anayedharau cha mwenzake

Sisi tunaopenda visu tuna tabia moja inayonikera. Tukiombwa tusaidie kukata vitunguu kwenye jiko la mtu, kabla hata ya kumenya tunapitisha kidole gumba kwenye makali, tunainua kisu kwenye mwanga, kisha tunatoa hukumu: "Hiki si kisu, hili ni bati." Mwenye jiko, ambaye kwa kisu hichohicho amelisha familia miaka na miaka, anacheka kwa aibu na kuahidi kununua kingine. Anakwenda dukani bila kujua atafute nini, anarudi na seti ya visu sita vilivyochomekwa kwenye kibao cha mbao. Haupiti muda mrefu, vyote sita vinakuwa butu kama kile cha kwanza. Maneno yetu yamemgharimu pesa na hayakumpa makali.

Kwa hiyo nataka tuviweke visu hivi ubavu kwa ubavu na kuvipima kwa haki. Msimamo wangu nausema mapema: kwa jiko la kawaida la kwetu, kisu cha bei rahisi kilichonolewa vizuri kinakishinda kisu cha bei mbaya ambacho hakijaguswa na kinoo tangu kinunuliwe. Ila vipo visu vya bei rahisi vilivyo hatari kweli, na hivyo sitavitetea.

Kwanza, bei yenyewe si tatizo

Ukiwasikiliza wapenzi wa visu utadhani wanachukia kila kitu cha bei ndogo. Sivyo ilivyo. Mchukue Opinel, kisu cha kukunja cha mpini wa mbao kutoka Savoie, Ufaransa, kilichoanza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Ni mbao, bapa, na pete ya chuma inayozungushwa ili kisu kisijifunge mkononi. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Hakina urembo wowote na si ghali, lakini ni vigumu kumkuta mpenzi wa visu anayekisema vibaya. Au mchukue Mora wa Uswidi, kutoka mji wa Mora ambako visu hivyo vinatengenezwa kiwandani tangu 1891. Kile kiitwacho Companion kina mpini wa plastiki na ala ya plastiki, huko Marekani huuzwa kwa takriban dola 20, na watu wenye makabati ya visu vya mamia ya dola wanakibeba porini kwa furaha.

Kiko pia kisu cha Kiwi kutoka Thailand. Hicho ni bati hasa: bapa jembamba lililokatwa kwenye karatasi ya chuma, mpini mwepesi wa mbao, bei chini ya dola 10. Wapishi wengi wa vyakula vya Asia hawatumii kingine, na wapo wenye visu vya Kijapani vya mamia ya dola ambao kisu chao cha kila siku ni hicho, maana wembamba wake unapita kwenye karoti bila kuipasua.

Wanachokisifu kwenye visu hivi vitatu ni kitu kimoja. Mtengenezaji alitumia chuma cha kawaida, akaacha madoido, akahakikisha makali ni membamba. Ukishalijua hilo unaweza kukipima kisu chochote cha sokoni bila kuuliza bei yake.

Chuma laini na chuma kigumu

Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Rockwell C. Namba ikipanda, chuma ni kigumu zaidi. Visu vingi vya bei ya chini viko kati ya 50 na 54 hivi. Kisu cha jikoni cha Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1884, kiko kwenye 55 au 56. Wüsthof Classic ya Solingen, Ujerumani, ni 58. Visu vya Kijapani vyenye chuma cha VG-10 vinafika 60 au 61, na vile vya chuma cha kaboni kiitwacho Shirogami vinaweza kupanda zaidi ya hapo.

Tofauti ya namba hizi utaiona mezani. Chuma laini kikichoka, makali yake hujikunja. Chuma kigumu kikionewa, makali yake humeguka. Makali yaliyojikunja unayanyoosha kwa kuyapitisha mara chache kwenye ile fimbo ya chuma ya wauza nyama, ukaendelea na kazi. Makali yaliyomeguka yanakutaka ukae na kinoo mpaka ule upungufu uishe wote, na ukikosa subira unazidi kuharibu. Kwa upande wa pili, chuma kigumu kinakubali makali membamba zaidi na kinakaa nayo muda mrefu. Mpishi wa samaki mbichi wa Kijapani, anayekata minofu laini kwenye ubao wa mbao laini na kukifuta kisu kila baada ya mkato, ana kila sababu ya kukinunua. Anayegonga kuku wa kienyeji vipande kwa kisu kilekile anachokatia nyanya, hana.

Kuna jambo hapa ambalo huwashtua wengi. Victorinox yenye mpini mweusi wa plastiki na Wüsthof Classic zinatengenezwa kwa chuma cha aina moja kimsingi, kile kinachoandikwa X50CrMoV15 kwenye bapa la Wüsthof: kaboni karibu asilimia 0.5, kromiamu karibu asilimia 15. Moja imekatwa kwenye karatasi ya chuma, nyingine imefuliwa na kuachiwa uzito shingoni. Bei ya ile ya pili ni mara tatu au nne ya ile ya kwanza. Unacholipia ni uzito, mizani ya mkononi, umaliziaji mzuri na ugumu kidogo zaidi. Ni vitu halali vya kulipia kama unavitaka. Lakini mwenye Wüsthof kumcheka mwenye Victorinox ni kumcheka ndugu wa tumbo moja.

Sasa tuje kwenye pembe ya makali, ambayo naiona kubwa kuliko yote. Huko Sheffield, Uingereza, ipo taasisi ya CATRA yenye mashine inayopima makali kwa kukikatisha kisu karatasi ngumu zilizochanganywa na chembe za silika. Mtaalamu wa vyuma wa Marekani, Larrin Thomas, amepima vyuma vingi kwa njia hiyo, na matokeo yake yanaonyesha kwamba kuipunguza pembe ya makali huongeza ukataji kwa kiasi kikubwa, mara nyingi kuliko kubadilisha chuma. Visu vingi vya bei rahisi vinatoka kiwandani na makali manene, yaliyokwaruzwa haraka kwenye gurudumu. Yaani chuma kiko sawa kwa kazi za nyumbani, ila hakuna aliyejisumbua kukinoa ipasavyo. Hicho ndicho kisu tunachokiita bati.

Visu vinne utakavyokutana navyo

Kisu cha sokoni, chenye mpini wa plastiki wa rangi na bapa jembamba, ndicho kilichojaa majikoni. Faida yake ni wepesi, hakishiki kutu upesi, na kikipotea kwenye shughuli huli huzuni. Kinanoleka kirahisi mno. Hata kwenye ukingo mkavu wa chini ya kikombe cha udongo, ile sehemu isiyopakwa rangi ya kung'aa, kinapata makali ya kukatia nyanya. Hasara yake ni kwamba makali hayo hayakai. Mpishi wa kila siku itabidi akiguse kila baada ya siku chache. Kama hilo halikusumbui, sioni sababu ya kukitupa.

Kisu cha mhunzi ni habari nyingine. Pale Kamukunji, Nairobi, na kwenye karakana nyingi za wahunzi wa Afrika Mashariki, visu na mapanga hufuliwa kwa vyuma chakavu, na springi za magari ndizo zinazopendwa zaidi. Wanazipenda kwa sababu nzuri: chuma cha springi huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6, kinakuwa kigumu kikichovywa kwenye mafuta kikiwa chekundu kwa moto, na hakivunjiki ovyo. Kisu cha springi kilichofuliwa na fundi anayejua moto wake kinaweza kukizidi kisu cha dukani cha bei mara mbili. Shida ni kwamba hakuna kipimo kilichoandikwa, unategemea mkono wa fundi. Beba tupa. Mwombe fundi akuruhusu kuipitisha taratibu kwenye makali. Tupa ikiteleza kama inayopita juu ya kioo, chuma kimeiva. Ikiuma kirahisi na kuacha unga, hicho ni chuma laini, na bei yake iwe ya chuma laini. Kumbuka pia kwamba kisu hiki kinashika kutu. Ukikatia ndimu na kukiacha kwenye sinki hadi asubuhi, utakikuta na madoa mekundu, na kwa watu wa Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi haisubiri hata ndimu.

Mapenzi yangu yako kwenye kisu cha kati cha kiwandani. Hapa naweka Victorinox zenye mpini wa plastiki, ambazo ile ya sentimita 20 huuzwa Marekani kwa kati ya dola 40 na 60, na Tramontina za Brazili zenye mpini mweupe, ambazo ni nafuu zaidi. Ni visu vya wauza nyama na jikoni za hoteli. Havina sura ya kumwonyesha mgeni, lakini mpini haulegei, bapa halipindi, maji hayavitishi, na makali yanakaa muda wa kutosha kwa nyumba yenye watu sita. Mtu akiniuliza anunue kisu gani kimoja cha maisha, simzungushi: anunue hiki, na pesa inayobaki anunue kinoo.

Cha nne ni kisu cha bei mbaya, cha Solingen au cha Sakai na Seki huko Japani. Ni vizuri, na sitajifanya sivioni. Anayekata kwa saa nyingi kila siku, ana ubao wa mbao, anajua kunoa na jiko lake halina mikono ya watu kumi, atafurahi nacho. Nawaonya wanunuzi jambo moja tu kuhusu alama. Kampuni ya Zwilling ya Solingen, iliyosajili alama yake mwaka 1731, huweka sanamu ya watu wawili kwenye visu vyake vya daraja la juu. Ile yenye sanamu ya mtu mmoja, Henckels, ni daraja la chini na bei yake inapaswa kuwa ya chini. Wapo wauzaji wanaokuuzia mtu mmoja kwa bei ya watu wawili.

Jiko letu linakata vipi

Ulinganisho mwingi wa visu unachukulia kwamba kila mtu anakatia juu ya ubao, amesimama, vidole vimekunjwa. Kaa jikoni kwa mama anayekata sukuma wiki. Anakusanya majani kumi na zaidi, anayakunja yawe bunda moja gumu ndani ya ngumi ya kushoto, anaacha ncha itokeze kidogo, kisha kisu kinashuka mbele ya ngumi, haraka haraka, na nyuzi za kijani zinaangukia kwenye sufuria. Hakuna ubao. Kitunguu nacho kinakatwa mkononi, mistari ya kwenda, mistari ya kurudi, halafu vipande vinaanguka. Muhogo, viazi, ndizi za kupika: vyote mkononi.

Mpe mama huyo kisu cha Kijerumani cha sentimita 20 chenye uzito wa robo kilo na umemvurugia kazi. Kisu kinachofaa hapo ni kifupi, chepesi, bapa jembamba, mpini mwembamba. Kwa maneno mengine, ni kile cha sokoni tunachokidharau. Nimekaa na wapishi wa shughuli wakimenya magunia ya viazi kwa visu ambavyo bapa limeliwa na kinoo hadi likabaki la upana wa kidole, mpini umezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli ili mwenyewe akitambue kati ya vya wenzake, na sijaona kisu cha bei mbaya ambacho kingeifanya kazi ile vizuri zaidi.

Nenda pia Feri, Dar es Salaam, uwatazame wapaa samaki. Visu vyao havina jina la kujivunia. Kinachowatofautisha na sisi ni kwamba hawasubiri kisu kiwe butu. Katikati ya kazi kinapitishwa kwenye jiwe mara mbili tatu na kurudi kwa samaki. Wahenga waliposema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, hawakutaja bei.

Halafu kuna mifupa, nyama iliyoganda kwenye friza na nazi. Kwa kazi hizo usitumie kisu chembamba cha aina yoyote, kiwe cha Kariakoo au cha Sakai. Tafuta panga dogo au kisu kizito cha mhunzi. Kisu cha Kijapani kikigonga mfupa wa kuku kitapata pengo, na pengo moja kwenye kisu cha dola 200 linauma kuliko kisu kizima cha sokoni kikipotea.

Waliodharauliwa jana

Dharau ya visu vya wengine haikuanza kwetu, na historia yake inafaa kumpunguzia mtu kelele. Leo jina la Solingen ni heshima. Tangu mwaka 1938 linalindwa kwa sheria ya Ujerumani, kisu hakiruhusiwi kulibeba kama hakikutengenezwa huko. Lakini rudi nyuma kidogo. Mwaka 1876, mhandisi wa Kijerumani Franz Reuleaux alikuwa kwenye maonyesho ya dunia huko Philadelphia, akaandika nyumbani kwamba bidhaa za nchi yake ni za bei rahisi na mbovu. Huko Sheffield, mafundi wa visu walikuwa wakilalamika kwamba visu vya Solingen vinaletwa sokoni vimegongwa jina la Sheffield. Mwaka 1887 Uingereza ikapitisha sheria ya alama za bidhaa, iliyotaka vitu vya nje vyenye alama za kufananishwa na za Kiingereza vitaje nchi vilikotoka. Maneno "Made in Germany" yaliwekwa kama onyo kwa mnunuzi: jihadhari, hiki ni cha Mjerumani.

Wachina leo wako kwenye kiti kilekile. "Cha Mchina" kwa wengi wetu ni tusi kamili. Ni kweli kwamba visu vingi vibovu vinatoka China, kwa sababu visu vingi vya kila aina vinatoka China. Lakini mji wa Yangjiang, jimbo la Guangdong, ambao ndio kitovu cha visu vya nchi hiyo, ndiko iliko kampuni ya WE Knife na tawi lake la bei nafuu, Civivi, ambayo visu vyake vya kukunja vinasifiwa na wapenzi wa visu wa Marekani waliokuwa wakikitupa kila cha Mchina bila kukifungua. Mashine na vyuma vipo. Mnunuzi wa jumla akiomba kisu cha bei ya chini kabisa atapewa hicho, na akiomba kizuri atakipata vilevile. Kinachofika kwenye meza za wachuuzi wetu ni kile kilichoagizwa.

Hapa dharau ni haki

Nilisema sitavitetea visu vyote. Kuna vinavyostahili kukataliwa, na ukimwona ndugu yako anavyo mwambie bila kuzunguka.

Cha kwanza ni kisu cha kukunja chenye kufuli legevu. Kisu kikijifunga wakati unasukuma ncha, vidole vyako ndivyo vilivyo njiani. Kabla ya kununua, kifungue, shika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye mbao. Kikijikunja, kirudishe. Ni afadhali kisu kisichokunjika kabisa, kwenye ala, kuliko hicho.

Cha pili ni kisu cha jikoni chenye shina fupi, yaani chuma kinaingia sentimita mbili tatu tu ndani ya mpini wa plastiki ulio mtupu. Ukigonga mpini unasikia uwazi. Siku utakapokata boga, kitavunjika pale shingoni wakati umekiegemea kwa uzito wako wote. Tafuta kile ambacho chuma kinaonekana hadi mwisho wa mpini, au ambacho plastiki imemiminwa ikajaa na kukishika chuma chote, kama zilivyo Victorinox na Mora.

Cha tatu ni vile visu vya meno madogo vinavyotangazwa kuwa havihitaji kunolewa milele. Meno yale yanararua badala ya kukata, na yakichoka huna namna ya kuyarudisha nyumbani. Kwa mkate kisu cha meno makubwa ni sawa. Kwa nyama na mboga, achana nacho.

Na cha nne kinanikasirisha kuliko vyote kwa sababu bei yake si rahisi hata kidogo: visu vyenye michoro ya mawimbi vinavyotangazwa kwenye simu kama kazi ya mikono ya fundi wa Kijapani, bei imekatwa asilimia 70, leo tu. Kwenye kisu halisi cha tabaka, mawimbi yanatokana na vyuma vilivyounganishwa, na karibu na makali utaona mstari ambapo mawimbi yanaishia na chuma kigumu cha katikati kinaanza. Kwenye kile cha uongo, mawimbi yamechomwa kwa leza juu ya chuma laini, yanashuka hadi kwenye makali yenyewe, na yanafutika kwa kusugua. Aliyenunua hana kosa. Hasira ielekezwe kwa muuzaji.

Kwa hiyo uchague kipi

Kama una pesa ya kisu kimoja na huna kinoo, nunua kisu cha sokoni chenye mpini imara na jiwe la kunolea la pande mbili, lile la duka la vifaa vya ujenzi, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Loweka jiwe, liweke juu ya kitambaa lisiteleze. Kwa kisu chenye bapa la upana wa sentimita 4.5, inua mgongo wake kama sentimita 1.2 kutoka kwenye jiwe. Hapo uko karibu na pembe ya nyuzi 15. Kwa kisu chembamba cha sentimita 2, nusu sentimita inatosha. Sugua upande mmoja hadi usikie kwa ncha ya kidole utepe mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, kutoka shina hadi ncha. Geuza, fanya vilevile. Malizia upande laini wa jiwe kwa mkono mwepesi, ukibadilisha pande, mpaka utepe uishe. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva: kisu kiingie kwa uzito wake.

Ukiwa na zaidi kidogo, nunua Victorinox au Tramontina, na ubaki na kile kidogo cha sokoni kwa kazi za mkononi. Nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Ukiwa na panga dogo la mhunzi kwa mifupa, umekamilika. Kisu cha bei mbaya kinunue baada ya kunoa cha bei rahisi kwa mwaka mzima na kukipenda hicho kitendo, maana kisu ghali hakikuondolei kazi ya kunoa. Ubao uwe wa mbao au plastiki. Anayekatia juu ya sahani, kioo au marumaru atakiua kisu chochote, na hapo Sakai na soko ni sawasawa.

Na kwako mpenzi wa visu mwenzangu, unapokaribishwa jikoni kwa shangazi au kwa jirani: omba ruhusa, kisha noa. Robo saa inatosha kwa visu vitatu vya nyumba. Lakini ukimaliza usivirudishe kwenye droo kimyakimya. Mtu aliyezoea kisu butu anakisukuma kwa nguvu, na anayekatia kitunguu mkononi huacha makali yamguse kidole gumba kwa sababu kwa miaka yote hayajawahi kumkata. Mpe kisu mkononi, mwambie, "Shangazi, hiki sasa kinakata kweli, punguza nguvu, na dole gumba liweke nyuma." Kaa naye akate kitunguu cha kwanza na cha pili mpaka mkono wake uzoee. Kinoo mwachie.